Pikipiki ya Mwingereza: imara, au inatengenezeka tu?

Mnunuzi wa chuma chakavu aliingia uani kwetu Ngamiani, Tanga, asubuhi moja, mizani yake ya kuning'iniza ikiwa begani. Akayapita masufuria yaliyotoboka, akaipita fremu ya baiskeli isiyo na mwenyewe, akasimama mbele ya pikipiki yangu ya BSA iliyoegemea ukuta. Akaligonga tangi kwa ukucha.

"Kaka, hii unaitoa? Hapa kuna kilo mia na hamsini, na zaidi."

Kwa upande wa kilo hakukosea. Nilipomwambia haiuzwi, akauliza tena: "Kwani inatembea?"

Nikakosa jibu la haraka. Siku hiyo ilikuwa haitembei. Wiki moja kabla ilinipeleka Pangani na kunirudisha bila kukohoa hata mara moja.

Vijana wanaoniuliza kuhusu mashine hizi, na nikiegesha karibu na viwanja vya Tangamano hawakosekani, huja na usemi uleule: za Mwingereza zilikuwa chuma, hizi za siku hizi bati tupu. Usemi huo umesuka mambo mawili kama ukili, na asiyeyafumua ataingia hasara, au ataacha kitu kizuri bila sababu. Kuna uimara, yaani chombo kwenda siku nyingi bila kuharibika. Halafu kuna kutengenezeka, yaani kikiharibika mtu mwenye akili na spana akakirudisha barabarani. Boxer ya bodaboda imejaliwa uimara: inabeba abiria watatu na gunia la nazi kutwa nzima, jioni inamwagiwa maji, kesho inaamka. BSA ya miaka ya 1950 imejaliwa kutengenezeka. Kwa uimara tusidanganyane, haiifikii Boxer.

BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni ya mafundi wa bunduki iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1861, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Wazee wengi waliijua kwanza kama baiskeli, na katika mji wa baiskeli kama Tanga hilo si jambo dogo. Pikipiki ilianza kuziuza mwaka 1910, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1950 hakuna kampuni duniani iliyotengeneza pikipiki nyingi kuliko hiyo. Washindani wake walikuwa Triumph, Norton, Royal Enfield wa Redditch, na AJS na Matchless waliokaa chini ya paa moja huko Plumstead, London.

Yangu ni B31: silinda moja, cc 348, muundo uliotoka mwaka 1945, vita vilipokwisha. Ilikuwa ya msimamizi wa shamba la mkonge upande wa Muheza, na ilipofika mikononi mwangu ilikuwa imelala ghalani tangu kabla sijazaliwa, kuku wakitagia kwenye kiti. Mzee mmoja wa mtaani alipousikia mlio wake mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo ndiyo tukutuku yenyewe," akasema. Na kweli, sikiliza silinda moja kubwa ikiwa sailensa, inaunguruma bila kwenda, utajua majina tukutuku na pikipiki yalitoka wapi. Hizi za leo hazisemi piki-piki, zinazomea kama cherehani.

Uzuri wake unaanza hapo, na si wa masikio tu. Aliyeibuni alijua mnunuzi ni mtu wa kipato cha chini anayekaa mbali na gereji. Kitabu cha mwenye pikipiki kilimfundisha kufungua silinda hedi na kukwangua masizi kwa mikono yake, kazi iliyotarajiwa kila baada ya maili elfu chache. Kila kitu kiko wazi: kabureta unaigusa bila kuondoa plastiki kumi, valvu unazirekebisha ukiwa umekaa kwenye kigoda, na ukitaka kuona pistoni, ni nati chache tu. Hapa Tanga tuna mafundi wachongaji waliokulia kwenye mashine za viwanda vya mkonge. Mpe mmoja wao bushi iliyolika na kipande cha shaba, baada ya swala ya adhuhuri unachukua mpya. Kisanduku cha umeme cha pikipiki ya kisasa kikifa, fundi huyohuyo atakitazama, atakirudisha mkononi mwako, na kukuambia kanunue kingine.

Kuiwasha nako ni darasa. Unafungua koki ya petroli, kisha unabonyeza kijiti kidogo juu ya kabureta ya Amal mpaka petroli ilowanishe kidole. Hiyo ndiyo choki ya wenye haraka. Kwenye usukani kuna kimkono cha kurudisha nyuma wakati wa cheche. Ukikisahau, kiki itakurudi mguuni kwa hasira ya punda. Halafu unasukuma kiki taratibu mpaka ugumu wa mgandamizo ukukute, unavuta mkono wa kufungulia valvu, unaipitisha pistoni kidogo tu, unaachia mkono, unairudisha kiki juu. Sasa unakanyaga mkanyago mmoja mrefu hadi chini, bila woga. Ukipatia, inaitika mara ya kwanza. Ukikosea, majirani wanatoka kutazama. Mke wangu husema ningeweka utaratibu kama huo kwenye kulipa ada za watoto tungekuwa mbali.

Cheche yenyewe hutoka kwenye magineto ya Lucas, na hapa kuna sifa na kasoro zilizolala kitanda kimoja. Magineto hujizalishia umeme wake ikizungushwa, kwa hiyo injini haihitaji betri. Betri ife, ichomolewe, iibwe, utafika nyumbani. Taa ndizo zinazotegemea dainamo ya volti 6 iliyofungwa mgongoni mwa magineto, na mwanga wake usiku kwenye barabara ya Segera ni wa koroboi. Wenye mashine hizi walimpa Lucas cheo cha Mwana wa Mfalme wa Giza.

Kasoro niliijulia Soni. Nilitoka Mombo kupanda Lushoto, kona juu ya kona, jua la saa saba. Karibu na maporomoko injini ikaanza kukosa mapigo, ikalegea, ikazima. Nikabadilisha plagi. Nikasafisha kabureta. Nikapiga kiki mpaka shati likanigandia mgongoni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza matunda akaniambia, "Baba, iache ipumue." Nikaiacha kama dakika arobaini. Mkanyago mmoja, ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kilomita sita mbele ikazima tena.

Ndani ya magineto mna kondensa ndogo, na nyaya nyembamba zilizopakwa aina ya vanishi iitwayo shelaki. Miaka sitini ya joto na unyevu huilegeza shelaki, na kondensa iliyozeeka huanza kuvuja umeme kadiri inavyopata moto. Ikipoa, kila kitu kinapima sawa. Mafundi wengi hupoteza wiki nzima kwenye kabureta kwa sababu hiyo: wanaipima asubuhi, ikiwa baridi. Kijana wa kusuka mota hapa mtaani hakuwa ameona magineto maishani mwake, lakini waya ni waya. Aliifungua, akahesabu mizunguko, akasuka upya, tukaweka kondensa ya kisasa. Nilirudi Lushoto mwezi uliofuata, sikusimama mpaka sokoni.

Sasa nije kwenye jambo lililonitia hasara kuliko magineto, nalo ni nati.

Mtu akinunua mashine hii huwaza injini. Awaze spana kwanza. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza vipimo vya bolti vya aina moja kwa viwanda vyote vya Uingereza, na ukoo huo wa vipimo ukaishi zaidi ya miaka mia. Namba iliyoandikwa kwenye spana ya Whitworth haitaji upana wa nati, inataja unene wa bolti inayoingia humo. Spana iliyoandikwa 1/4 ina mdomo wa milimita 13.3 hivi. Chukua seti ya kawaida ya duka lolote la Tanga: 13 haiingii, 14 inacheza. Fundi wa bodaboda atachukua 14, atakaza mkono, na kona za nati zitaondoka kama maganda ya muhogo. Nati sita za injini yangu ziliondoka hivyo mchana mmoja, mimi nikiwa nimekwenda kununua chai. Simlaumu sana. Angejuaje?

Na bolti zenyewe? Ile ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94. Ukiiweka kando ya bolti ya namba 8 huoni tofauti, na ukiiingiza hiyo ya 8 kwenye tundu itakubali mzunguko mmoja, labda miwili. Kisha inakuwa ngumu. Asiyejua hudhani ni kutu, anaongeza nguvu, na meno ya ndani yanaliwa yote. Pikipiki moja inaweza kuwa na meno ya Whitworth kwenye aluminiamu, meno membamba zaidi kwingine, na yale ya baiskeli, meno 26 kwa kila inchi, kwenye fremu. Kwa hiyo unapokwenda kutazama mashine ya kununua, chuchumaa utazame kona za nati kabla hujaisikiliza injini. Nati zenye kona kali zinakuambia waliotangulia walikuwa na vifaa. Zilizoviringika zinakuambia kuna mengine huko ndani.

Mafuta yanavuja, ndiyo. Kila mtu anataka kujua hilo, na nimeshasikia utani wake wote. Sababu si uzembe wa aliyeikaza. Makasha ya injini hizi yamegawanywa wima, kushoto na kulia, kwa hiyo maungio yanapita chini kabisa mahali oili inapokaa. Wajapani waliyagawa makasha ya injini zao nyingi kwa ulalo, maungio yakawa juu ya oili. Tena BSA kama yangu huweka oili kwenye tangi lake la pembeni, pampu inaipeleka na kuirudisha. Ikikaa wiki mbili bila kuwashwa, oili inateremka polepole mpaka chini ya krenki, na siku ukiiwasha inatafuta pa kutokea. Dawa ni kuiendesha mara kwa mara. Gasketi nzuri na nyuso zilizonyooshwa hupunguza sana. Silikoni iliyopakwa kama siagi inaleta balaa: kipande kikikatika kinaziba njia ya oili, na hapo huongelei tena madoa sakafuni.

Petroli haina shida kubwa, ingawa watu huiogopa. Petroli yenye risasi ilikwisha kwenye vituo vya nchi zetu za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na risasi ile ilisaidia kulinda siti za valvu. Lakini B31 ilibuniwa kwa petroli hafifu ya miaka ya vita, mgandamizo wake ni mdogo. Ukienda mwendo wa kawaida, petroli ya leo inaitosha na kubaki.

Linaloniogopesha zaidi ni miguu yangu mwenyewe. Kwenye mashine za Uingereza za wakati ule gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki zote zinazopita Barabara ya Ishirini leo; zilibadilika katikati ya miaka ya 1970 kwa kuisikiliza sheria ya Marekani. Nikiwa na utulivu sikosei. Mbuzi akikatiza ghafla pale Pongwe, mguu hauniulizi, unakanyaga ulichozoea. Niliwahi kupandisha gia nikidhani nafunga breki, na mbuzi yule akaokolewa na akili zake mwenyewe. Breki zenyewe ni za dramu, zinahitaji umbali ambao dereva wa basi la nyuma yako hakupi. Kama una Boxer ya kazini na hii ya Jumapili, dakika kumi za kwanza kila Jumapili nenda polepole, bila abiria.

Kuna na chumvi. Niliwahi kuihifadhi miezi mitatu kwa rafiki anayekaa Raskazone, nyumba nzuri, upepo wa bahari mpaka chumbani. Kromu ya rimu ilitoka vidoadoa kama surua, na nyaya zilizokuwa na kutu kidogo zikawa na kutu tupu. Weka mashine hii mbali na pwani kadiri unavyoweza, na usiifunike kwa turubai la plastiki, maana jasho lote linabaki chini.

Karatasi nazo ni mtihani wake. Mashine nyingi za namna hii mkoani ni za marehemu. Mjukuu anayekuonyesha ghalani hana mamlaka ya kuuza, hata kama ndiye mwenye ufunguo. Awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na jina lake ndilo liwe kwenye hati ya mauziano. Niliruka hatua hiyo kwa sababu ya hamu, nikakaa mwaka mzima nasubiri ndugu wawili wapatane. Halafu zisome namba zilizogongwa kwenye fremu na injini, uende nazo TRA kabla ya kutoa pesa, si baada. Hapo ujue kitu kimoja kinachowachanganya wengi: BSA za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani namba ya injini ikiwa tofauti na ya fremu. Anayekuambia ya kwake ni halisi kwa kuwa namba zimelingana, ama hajui, ama kuna mtu aliyezigonga upya. Vyama vya wenye pikipiki hizi huko Uingereza wana madaftari ya kiwanda, na wanaweza kukuambia fremu yako ilitengenezwa mwaka gani.

Watu huniuliza: kama zilikuwa na uzuri huo, mbona viwanda vilikufa? Mwaka 1969 Honda walileta CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, inawashwa kwa kidole, sakafu kavu. Waingereza walikuwa bado wanauza fikra za miaka ya 1930 zilizopakwa rangi mpya. BSA ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiwanda cha Triumph cha Meriden kikafungwa 1983. Ajabu ni kwamba spea hazikufa pamoja nao. Karakana ndogondogo zilichukua nafasi, na leo naweza kuagiza ringi, gasketi, hata tangi zima. Ubora wake unatofautiana sana, na posta na ushuru huweza kupita bei ya kitu chenyewe. Nilikwisha jifunza kuagiza mara moja kwa mwaka, vitu vyote kwenye kifurushi kimoja, na kusubiri.

Anayetaka ladha hii bila kusubiri kifurushi, namwelekeza kwenye Bullet. Jeshi la India liliichagua Royal Enfield Bullet mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwaka 1955 ikaanza kuunganishwa Madras, na Redditch ilipofunga Wahindi waliendelea. Injini ile ya zamani ya chuma ilibaki ikitengenezwa huko karibu mpaka mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii. Spea ziko, na India iko karibu nasi kuliko Birmingham, kwa meli na kwa bei. Wapo watakaosema hiyo si ya Mwingereza. Waache wasubiri posta.

Kwa mtu anayehitaji chombo cha kumfikisha kazini saa moja na nusu, jibu langu ni la moja kwa moja: asinunue. Kwa mwenye chombo kingine, kivuli, fundi mmoja anayemsikiliza, na Jumamosi zisizodaiwa na mtu, mambo ni tofauti kabisa. Huyo atagombana nayo miaka miwili, kisha atajua kila mlio wake kama anavyojua kikohozi cha mtoto wake.

Yule mnunuzi wa chuma chakavu alirudi mwezi uliopita. Injini ilikuwa inaunguruma, akasubiri mpaka nilipoizima, akapekua kiroba chake na kutoa spana moja nyeusi kwa kutu. "Imeandikwa namba za ajabu, kaka. Hakuna gereji iliyoitaka." Niliifuta kwa kidole gumba: 1/4 W. Nikauliza bei. Akaining'iniza kwenye mizani, akafunga jicho moja kusoma, akanitajia bei ya chuma kwa kilo.